Kiema Aondolewe Milangoni

Jumatatu, 6 Oktoba

Mwau amepigwa. Vibaya sana.

Nilisikia kabla sijaona. Ofisi yangu iko nyuma ya friji kubwa ya hii slota ya kuchinjia ng'ombe, ukuta ni mwembamba, na asubuhi kitu kilikuwa kinagonga upande ule mwingine. Nikadhani ni nyama zilizotundikwa zinagongana. Halafu nikasikia mtu akiita Yesu.

Kadi yangu haifungui friji. Mimi ni wa kompyuta, friji si mahali pangu. Nikakimbia kumwita Muktar, mchinjaji mkuu, akafungua kwa kadi yake. Mwau, kijana wa kupakia nyama, alikuwa sakafuni kati ya nyama, hana shati, mgongo umechanwa na mpira wa maji, sikio la kushoto limepasuka. Damu ya shingoni ilikuwa imeshaganda kwa baridi. Kiema, mkubwa wa masoja wa geti, ndiye alimchapa kisha akamfungia humo. Eti aliiba maini.

Na Kiema mwenyewe yuko getini anakunywa chai! Muktar alimwendea pale pale, akamwambia mbele ya watu kwamba aliyoyaona atayasema popote atakapoulizwa. Kiema akacheka. Akamuuliza kama bado anakumbuka barabara ya kurudi kwao Garissa.

Mwau amepelekwa hospitali na pikapu ya nyama. Nimenawa mara nyingi. Mikono bado inanuka.

Jumanne, 7 Oktoba

Mama Ndila, mwenye kampuni, alipiga simu kutoka Kitui. Sauti ya chini — hiyo ndiyo ya hasira. Kiema asimamishwe kazi, na nimtoe kwenye milango yote kabla hajaambiwa. Kumbe alipokuwa tawi la Makueni alimvunja dereva mkono, na Bwana Kyule akaficha. Kyule ni meneja wetu. Kiema ni ndugu ya mke wake. Sasa naelewa mambo mengi ya hapa.

Kazi yenyewe si ngumu. Kila mfanyakazi yuko kwenye kundi, na kundi ndilo linafungua mlango. Tiketi, yaani ombi kwenye mfumo, ikishapitishwa, skripti yangu inaichukua, inaenda kwa sava kupitia API, njia ya programu kuongea na programu: mtoe huyu kwenye kundi hili. Sava inajibu, imefanyika. Nilimtoa Masoja, nikamtoa Friji, nikamtoa Ofisi. Majibu yote safi.

Kiema alipotoka kula akapata geti la mbele limekataa kadi. Taa nyekundu. Akajaribu tena. Akaking'oa kile kisoma-kadi ukutani kwa mikono yake, nyaya zikabaki zinaning'inia. Nzilani wa mapokezi alikuwa amesimama karibu — akapigwa kofi, kwa kuwa karibu tu. Alianguka na simu mkononi. Kiema akauliza ni nani amemtoa.

Kyule akaangalia dirisha langu.

Jumatano, 8 Oktoba

Kiema hakuja. Siku ya kawaida. Mwau hasikii na sikio lile, na daktari hajui kama litarudi. Mwaitu, mama yangu, alipiga kutoka Kabati, akauliza kama nakula. Nikasema nakula.

Alhamisi, 9 Oktoba

Muktar.

Siwezi kuandika vizuri, acha niandike tu.

Watu walikuwa wameenda kula. Kiema aliingia na geti la nyuma, kwa kadi, taa ikawaka kijani kama ya mtu yeyote. Akamkuta Muktar chumba cha kubadilisha nguo akivua gambuti, mguu mmoja umetoka, mwingine bado. Alimpiga rungu mdomoni. Akampiga tena akiwa chini. Kasiva, yule mama wa kuosha matumbo, ndiye aliona yote. Anasema visu vya Muktar vilikuwa vimening'inia karibu kabisa na mkono wake. Mtu anayechinja ng'ombe kwa mkato mmoja! Hakuvigusa. Alifunika kichwa tu na kuendelea kupigwa, mpaka Kasiva akaleta ndoo ya maji ya kuchemshia matumbo na kummwagia Kiema mgongoni. Kiema alilia kama mnyama. Akatoka mbio na shati limeshikana na ngozi.

Nikaangalia rekodi za geti. Kadi yake ilipita kwa sababu ya kundi la Dharura. Nilikuwa silijui. Mafundi waliofunga mfumo walilitengeneza kwa ajili ya moto: mtu wa Dharura anafungua kila mlango, isipokuwa geti la mbele ambalo lina soja saa zote. Kwenye orodha ya tiketi zetu halionekani mpaka uliandike jina lake mwenyewe. Sava haikunidanganya. Ilimtoa pale niliposema atolewe. Alikobaki sikuuliza, nayo haikusema.

Nilienda hospitali jioni. Taya la Muktar limevunjika, limefungwa kwa waya. Mke wake, Kinsi, alikuwa ameketi na ndoo miguuni ya kupokea damu anayotema. Aliniamkia vizuri tu. Halafu akauliza, "Dada, walituambia amefungiwa milango. Nani alimfungia?"

"Ni mimi."

Aliinua ile ndoo, akaenda kuimwaga.

Nimefungua tiketi: Kiema atoke Dharura. Kundi hilo linataka idhini ya meneja. Kyule ameisoma, naona kwenye mfumo kwamba ameisoma, na hajapitisha. Nikampigia. Akasema kesho tutaongea, mimi nina haraka gani.

Ijumaa, 10 Oktoba

Holide. Slota imefungwa, masoja ni wachache, na wengine wameenda msikitini. Nilikuja kwa ajili ya tiketi tu.

Kyule ameikataa. Sababu aliyoandika: mhusika anakuja kuchukua vitu vyake.

Nikampigia Mama Ndila. Alikuwa tayari barabarani. Akaipitisha kwa simu yake, akasema anapitia polisi kisha anakuja, nisitoke ofisini. Nikatuma. Imefanyika. Safari hii niliuliza sava makundi yote, moja moja, kama jina la Kiema limebaki mahali. Hakuna.

Halafu nikasikia viatu.

Naandika ili ibaki rekodi. Wako nje ya mlango, Kiema na Kyule. Dirisha lina vyuma, mlango ni wa chuma. Kiema aliweka kadi, nikasikia mlio wa kukataa. Akaanza kuupiga mlango na mtungi wa kuzimia moto. Kila pigo vumbi la dari linaanguka kwenye kibodi.

Kyule anaongea katikati ya mapigo, sauti ya mtu wa kanisa. "Kathini, mrudishe. Anataka kuongea na wewe tu, haya mambo yaishe."

Nikamuuliza ni maongezi gani ya mtungi.

Sasa tiketi imeingia kwenye skrini. Mwongeze Kiema, kundi la Dharura. Aliyeomba: Kyule. Aliyepitisha: Kyule. Ameifanya na simu, amesimama hapo hapo nje. Na skripti yangu haibagui, ikiona imepitishwa inatekeleza! Nimeizima. Nimewahi.

Mapigo yamekoma. Kyule anapapasa mfukoni — nasikia funguo. Anatafuta kadi yake. Na yeye yuko Dharura.

Nimeenda moja kwa moja kwa API. Bila tiketi, bila idhini ya mtu. Sijawahi kufanya hivyo, na kwa hili naweza kufutwa. Mtoe Kyule, kundi la Dharura.

Imefanyika.

Kadi imegusa. Mlio wa kukataa. Akajaribu tena, akakataliwa tena.

Halafu Kiema, taratibu, si kwangu: "Kwa hivyo na yako imekataa. Umenileta hapa wanishike?"

Kyule anasema hapana shemeji, hapana, ni huyu msichana, ngoja. Anasema kwa Kikamba sasa, haraka haraka. Kitu kizito kimegonga, na si mlango. Kimegonga kitu laini. Kyule amepiga kelele mara moja tu. Sasa yuko chini, namsikia akikwaruza mlango huku chini, karibu na miguu yangu.

"Kathini. Kathini, fungua. Tafadhali."

Mama Ndila hashiki simu. Polisi sijawasikia. Mtungi umegonga tena.

Kwa ndani mlango huu hauhitaji kadi. Ni kushika mpini tu. Nimesimama, nimeushika. Nafungua.