Zile Dawa za Siku Mbaya

Odhis, ndugu yangu,

Usinikasirikie vile nimekaa bila kukuandikia. Watu waliniambia mapema, andika, utasikia nafuu, na mimi nikawa naenda kufulia watu nguo kule Nyayo Highrise, narudi, napika, nalala. Sikuwa na la kusema. Hata sasa sina mengi. Lakini jana tulivuka daraja, na hakuna mtu mwingine nitamwambia hivyo aelewe.

Nianze na habari. Kibanda chako cha gemu hapa Laini Saba alikichukua Brayo. Usijali, rafiki yako anakitunza. Amepaka rangi ya kijani na ile benchi ya misumari ameitoa. Vijana bado wanakuja kucheza mpira na kutukanana. Lakini mashine imejaa, na juzi aliniambia akiangalia chini, "Atis, kuna ile gemu ndefu ya Odhis. Itabidi nifute, nafasi imeisha. Njoo uiage kwanza."

Niiage. Kama vile tulikuwa hatujamaliza kukuaga.

Unakumbuka vile ulikuwa unaicheza mchana, watoto wakiwa shule, mimi nimekaa nyuma yako namnyonyesha Kinyi? Watu wakichungulia mlangoni: "Wewe Odhis, hiyo ni gemu ama ni Biblia?" Maandishi yalikuwa mengi, Kiingereza kirefu, na wewe ulinisomea kwa Kiswahili chetu, kila mtu na sauti yake. Yule mchuuzi anayepatikana kila mahali, hata ndani ya pango la joka, ulimpa sauti ya mama wa makaa wa Silanga: "Kastoma, leo hunipiti!" Yule adui wa nywele nyeupe asiyecheka, uliniambia ngoja tu, huyu atahamia upande wetu. Na akahama.

"Umejuaje?"

"Atis, hizi gemu za safari zote ziko na watu wale wale. Wanabadilishwa tu nguo."

Sisi pia ukatuweka humo. Mwizi mwenye roho safi ukamwita Brayo, na yeye akanuna siku nzima. Mganga, yule anayesimama nyuma akitibu wenzake, ukamwita Kinyi, na mtoto hata kukaa hajajua. Mwalimu mzee mwenye fimbo ukamwita Odhis. Shujaa ukamwita Atis. Nikakataa.

"Shujaa gani huyu, hata haongei?"

"Shujaa huwa haongei. Anabeba tu."

Hiyo ilinirudia kwa mazishi yako, kule nyumbani. Shangazi mmoja alisema kwa sauti ili nisikie, "Huyu dada yake hata chozi hana."  Niliendelea kupanga sahani za wageni.

Halafu ndani ya gemu mkafika kwa lile daraja, ukasimama. Hukuvuka tena. Ulisema ukivuka tu mwalimu mzee anakufa, gemu zote ni hivyo, lazima aondoke ndio shujaa aamke. Basi ukawa unarudi porini kupigana na nguruwe, unaongeza nguvu za bure, miaka ikaisha, Kinyi akikulia mapajani pako. "Hapa tuko sawa," ulikuwa unasema. Na dawa hukugusa. Mfuko umejaa chupa, watu wako wanaanguka, wewe unazibania. "Hizi ni za siku mbaya."

Nilikuwa nacheka. Sikujua unafanya hivyo hivyo na kifua chako. Daktari alisema ile pampu ya pumu uvute asubuhi na jioni, hata ukisikia uko poa. Tulipofungua sanduku lako tulizikuta zote, mpya, umezipanga vizuri kama vyombo vya kabati. Siku mbaya ilikukuta mbali na sanduku, Odhis. Sikukasirika. Sikusikia chochote. Nilifunga hilo sanduku nikaenda kuwasha jiko.

Sasa sikia. Kinyi amerithi kifua chako. Anapumua usiku kama mlango unaokwaruza. Na wiki hii nikamshika: anaweka pampu mdomoni, ananiangalia machoni, habonyezi. Nikamuuliza ni nini hii.

"Naweka ya siku mbaya, mama. Kama Anko."

Nilipiga kelele kwamba hivyo ndivyo Anko alianguka, mpaka jirani akagonga ukuta. Yeye akaniuliza tu mbona Anko hatumpi dawa aamke, si mganga huwa anawaamsha? Hapo nikakumbuka maneno yako: kuna kufa kwa vita na kuna kufa kwa hadithi. Kwa vita, unapewa dawa, unaamka. Kwa hadithi, hakuna dawa. Mimi nilikuwa sijamwambia. Nilikuwa nimemwambia umesafiri.

Basi jana nikampeleka kibandani. Brayo akawasha, akatoka nje akasimama akitazama reli. Tukatembea mpaka darajani. Nikabonyeza.

Mwalimu aligeuka akabaki nyuma yetu peke yake. Nilisoma polepole, kidole kwa kioo, nikakupa sauti yako: "Endeni. Hapa nitawazuia mimi." Kinyi akaninyang'anya pad ya kuchezea. "Mpe dawa! Si mimi ndio mganga!" Akabonyeza kila kitu. Hakuna kilichofanya kazi.

"Hii ni ya hadithi," nikamwambia. "Anko Odhis pia alikufa hivyo. Hakusafiri. Harudi."

Akaweka pad chini. Kisha yakatokea maandishi: vitu vya mwalimu vimerudi kwa mfuko. Fimbo. Koti. Halafu chupa, chupa, chupa, zikashuka kwenye kioo mpaka Kinyi akachoka kuangalia.

"Zote hizi alikuwa nazo?"

"Zote."

"Na hakukunywa?"

"Hakukunywa."

"Alikuwa mjinga."

"Usimtukane anko wako."

"Lakini alikuwa."



Leo asubuhi amevuta pampu. Amekunja uso, amelalamika inawasha koo, lakini niliisikia ikilia. Nilisimama hapo na ufagio mkononi, nikasahau nilikuwa nafagia nini.

Brayo hakufuta gemu yako. Amefuta ile gemu ya mpira ya zamani.

Nakuahidi kitu kimoja tu: kwangu hakuna dawa italala sandukuni. Atavuta, apende asipende. Pumzika basi, Odhis. Sisi tuko ng'ambo.

Kama kuna njia ya kutuma, nitumie hivi. Sauti ya mama wa makaa, maana yangu Kinyi anasema ni ya mwanaume. Jina la yule mganga mpya wa mitishamba uliyesema tutampata mlimani kwa gemu, nisimpite. Usingizi wa usiku mmoja, mzima. Machozi yangu, kama ulienda nayo, si lazima yote. Na uniambie ile bisibisi ndogo uliiweka wapi, pad imelegea na huyu mtoto hajui kungoja.