Damu ya muzee

Falonne, mujukuu wangu,

Maharagi iko kwa jiko, uongeze chumvi tu.

Kitendawili: mumoja alikula ndizi mbivu, mwingine akatobolewa kidole. Ni nani? Ni mimi na muzee wangu, babu yako. Siku tatu za ville morte, muji wote ulipofungwa tukabaki nyumbani, namba za sukari nilizoandika mu kaye ya kupima zilitoka kwa damu yake. Niliogopa utanigombeza.

Leo asubuhi ukanikumbatia: « Koko, sukari yako imeshuka! Infirmier akiona kaye, atapunguza dawa. » Nilikosa pa kuweka uso, mais nikainamia maharagi, nikaendelea kuchambua.

~~Usimwambie mama yako.~~ Umwambie. Muzee umupake mafuta kwa vidole, vinamuuma.

Moto za taxi zimeanza kubeba watu tena. Donc nimeenda kwa infirmier, centre de santé, apime kidole changu mwenyewe.

Koko yako