Mashine ya Kusikiliza Vichujio

3 Machi

Kitindamimba wangu,

Hujambo huko? Kifua kimeachia? Usiache sweta kwa kuogopa kuchekwa na wenzako wa maabara. Huku karakanani mama yako mdogo bado anabishana na tanuri, na tanuri bado linashinda.

Uliniambia chuo chenu kinatafuta karakana ndogo za kushirikiana nazo: sisi tulete shida, watafiti walete maarifa. Basi shida ninayo. Kila kichujio cha maji cha udongo kikitoka tanurini nakigonga kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia kama kengele. Chenye ufa kinajibu puu, hata kama ufa wenyewe hauonekani, na huo ufa ndio unaopitisha maji machafu. Nataka mashine ya kusikiliza, inayojua tofauti hiyo. Niulizie kama inawezekana.

Mamako

11 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimepona na sweta nalivaa. Wewe je? Umenipa habari za tanuri, zako hukuzitaja.

Mtafiti wetu mkuu amelipenda sana ombi lako. Wengine wameomba pampu na vikaushio, wewe peke yako umeomba sikio. Ataleta kisanduku chenye kinasa sauti na taa mbili. Utagonga vichujio kama kawaida, kila kimoja ubonyeze kitufe cha kizima au cha kibovu, nacho kitajifunza kwako. Kikishahitimu, kitawasha kijani kwa kizima na nyekundu kwa kibovu.

Ila ana swali, na mimi ninalo hilohilo. Mashine ya nini, na wewe ulikuwa ukisikia mtu akifungua kopo la sukari chumba cha tatu?

Mwanao mdokozi

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kazi haijakuchosha? Unalala vizuri? Kisanduku tumekifundisha, kimehitimu, na kina wazimu. Jana jirani mshonaji alisimama mlangoni, mama yako mdogo akamwambia "karibu", taa ya kijani ikawaka! Mshonaji wa watu kawa kichujio kizima. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Halafu nilipogonga vichujio nikiwa kimya, hakuna taa iliyowaka, kama vile nagonga mto. Mwambie mtafiti atutazamie.

Kuhusu swali lenu, ni kidole tu. Kimechoka kugonga.

Mamako

9 Mei

Mama,

Shikamoo, na pole na kidole. Nimesikiliza rekodi zote za kisanduku, na mchawi ni wewe! Kabla ya kugonga kila kichujio unapiga hodi. Kizima unakiambia "karibu". Kibovu unakiambia "pole, mwanangu". Umefanya hivyo tangu nikiwa natambaa, mpaka mimi na wewe hatukuona kuwa ni jambo la kumwonya mtafiti. Sasa mashine imeona haina haja ya kuhangaika na mlio. Inasubiri neno lako. Ni mvivu kama mimi darasani.

Basi nikaanza kuikata sauti yako ili ubaki mlio mtupu, na hapo kicheko kikaniisha. Kuna vichujio vimelia puu, tena puu ya wazi, nawe umeviambia karibu. Si kimoja, Mama. Unasikia kweli? Na hivyo ulivyovikaribisha viko wapi? Kuna watu wanakunywa humo. Naogopa. Nijibu upesi.

Mwanao

25 Mei

Mama,

Shikamoo. U mzima? Barua hujibu, simu hupokei. Mama mdogo anasema kila siku unatoka na mkokoteni, zaidi ya hapo hasemi. Sikuandika ili nikulaumu.

Mwanao

12 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Unakula? Leo nakupa habari za afya yangu. Sikio la kushoto lilianza kuniaga mwaka jana, la kulia likaona lisiachwe nyuma. Simu sipokei kwa sababu nikipokea naitikia "ehee" tu bila kujua naitikia nini. Ndiyo maana niliomba mashine. Nilitaka irithi masikio yangu kabla hayajaisha. Sikujua yameshaisha kiasi hicho. Mtikisiko nilikuwa nauhisi kidoleni, nikadhani nausikia.

Tangu barua yako hatujauza hata kimoja. Tumepita nyumba kwa nyumba na mkokoteni, tukavirudisha vyote tulivyouza tangu sikio lianze kunisumbua, tukavivunja. Nyumba moja mtoto alikuwa anaharisha. Amepona, namshukuru Mungu, lakini mama yake alinipa kichujio mlangoni bila kunitazama. Niliumia, nikakipakia mkokotenini.

Karakana imenyamaza. Sasa nani ataifundisha mashine? Mwalimu wake ni kiziwi.

Mamako

20 Juni

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Umelala? Umekula? Mtafiti ameniruhusu nije. Nitagonga mimi. Nikiwa mdogo nilikaa chini ya meza yako nikibahatisha kabla hujasema, na mara nyingi nilipatia. Lakini safari hii hatutaamini sikio la mtu peke yake, hata langu. Kila tutakachogonga tutakipasua tuone kama kina ufa. Mama mdogo alie na tanuri lake, tutahitaji vingi vya kuvunja.

Sharti ni moja. Tutagonga kimya. Hakuna hodi, hakuna karibu.

Mwanao

14 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Ulifika salama na lile begi lenye zipu mbovu? Mimi mzima, ukiacha masikio.

Leo tumetoa vichujio vya kwanza tangu uondoke. Nimegonga cha kwanza, sikusikia kitu. Nyekundu. Mama yako mdogo akakipasua, akanionyesha ufa, mwembamba kama unywele. Nikagonga cha pili, nacho kimya. Kijani. Nilikishika tu, nikalia. Halafu nikazima kisanduku kwanza, kisije kikaharibika tabia, ndipo nikakiambia karibu.

Mwulize mtafiti kama kisanduku kinaweza kufundishwa kusikiliza mlango pia. Juzi mshonaji kapiga hodi mpaka kaenda zake kanuna. Lakini wewe usingoje taa. Ukija, ingia tu, uniguse bega. Karibu yako nimeshaisema.

Mamako