Maji ya Karavani, Baridi ya Underberg

Jumapili, 29 Juni 2025

Tumepata! Soko la Jumamosi la Underberg, huko milimani, limemkubali mke wangu. Chai ya tangawizi na mandazi. Odette akipita siku ya kwanza, nafasi ni yake msimu mzima wa baridi — ataacha kukoroga supu za watu Westville. Kapiga vigelegele mpaka jirani wa juu, hapa Umbilo, Durban, akagonga sakafu.

Sharti moja: kibanda kiwe na bomba la kunawia. Beseni na jagi hawataki. Msimamizi ni mama mmoja, Cathy. Hupita asubuhi na kufungua bomba kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna maji, hakuna kuuza.

Bomba tunalo! Rafiki yetu Gadiel katuazima karavani yake, kijumba cha kukokotwa na gari. Ilikuwa imelala uani kwake miaka. Kuku wameihama kwa masikitiko.

Jumanne, 1 Julai

Gadiel kaniuliza kama najua kwamba usiku Underberg maji huganda hadi ndani ya paipu. Nikasema najua. Uongo. Mtu wa Musoma barafu anaijua kwenye soda.

Nimeshinda na simu, nikitazama video za mzee mmoja wa Kanada, ndevu mpaka kifuani. Kanifundisha yote. Maji yakiganda huvimba, yakivimba hupasua paipu. Dawa yake: kabla ya kulala mwaga yote — tangi, pampu, paipu — usibakize hata ya kulowesha ulimi. Asubuhi unajaza upya. Basi! Elimu ya bure, ukiacha bando.

Alhamisi, 3 Julai

Isipingo, kutafuta sponji za kuvika paipu. Muuzaji kaitazama kaptula yangu. Eish, brother, Durban hii paipu zinasikia baridi? Kaita wenzake waje kuniona. Nimezipata hata hivyo. Palipopungua nimevalisha soksi za binti yetu, Lulu. Yeye atabaki kwa Gadiel, soksi hazihitaji.

Nikamweleza Odette mpango wa kumwaga maji. Akaacha kukanda unga.

"Papa Lulu, unataka tulale mu nyumba haina maji?"

Si nyumba, nikamwambia, ni karavani.

"Iko kitanda, iko jiko, iko bwana. Ni nyumba!"

Kwao Burundi, nyumba hailali kavu. Mama yake alikuwa hapandi kitandani kabla hajatikisa mtungi. Mgeni akibisha, mgonjwa akiamka — utampa nini? Nikasema madumu yatalala ndani na sisi, yamejaa. Akarudia unga wake. Mimi huyu, baada ya miaka yote ya ndoa, nikadhani amekubali.

Ijumaa, 4 Julai

Tumefika! Mlimani juu kuna theluji — theluji yenyewe, si ile ya kukwangua kwenye friji! Odette kapiga picha mpaka chaji ikakata.

Jua halijazama, nimemwaga tangi. Nimepuliza paipu kwa mdomo mpaka nikaona nyota kabla ya wakati wake. Pampu ikakohoa, ikanyamaza. Madumu chini ya kitanda, nimeyafunika koti langu. Kanada wangejivunia.

Nikatoka kidogo kusalimia banda la jibini. Kurudi, Odette anafuta mikono, anaimba wimbo wa kanisani. Furaha tele. Nami nikafurahi, mjinga.

Jumamosi, 5 Julai

Nyasi nyeupe! Zinalia chini ya viatu! Nimetoka nje nikicheka peke yangu.

Nikavuta dumu nijaze tangi. Likaja jepesi. Nikafunua tangi — maji yamo, juu yake kioo. Nikawasha pampu. Inanguruma. Bomba kimya.

Odette anapanga vikombe kwa bidii ya mtu asiye na habari.

"Bomba linasema nini, Papa Lulu?"

"Limelala. Nasikia jana lilikunywa."

Akainamisha kichwa. Katia tangini kidogo tu, anasema, ya mgeni. Na akajaribu bomba kama linatoka — likatoka vizuri! — akalifunga. Nusu dumu. Huyo mgeni ni ng'ombe, nikamwambia! Tukacheka mpaka mandazi yakaanza kuungua.

Halafu tukamwona Cathy, kofia ya sufu, yuko banda la asali.

Maji ya moto hatuna, chai tunayo. Odette kavua kitenge chake kipya, alichokishona kwa ajili ya leo, kakichovya kwenye sufuria, kazungushia paipu. Anarudia, anarudia. Karavani nzima inanuka tangawizi.

Cathy yuko banda la jibini. Anaonja. Onja, mama. Onja taratibu. Naandika nimechuchumaa chini ya sinki, mkono mmoja kwenye kitenge. Nisipoandika nitapiga kelele.

Krak!

Barafu au paipu? Odette kaniangalia. Nami namwangalia. Hakuna linalodondoka — bado.

Hatua kwenye ngazi. Good morning, good morning. Odette kajifunga taulo kiunoni kama malkia, kawasha pampu.

"Karibu, mama," kamwambia, kwa Kiswahili, potelea mbali. "Maji yako tulikuwekea tangu jana."

Mkono wa Cathy uko kwenye bomba. Naweka kalamu chini.