Kopo la Magadi na Mabuti ya Baba Mkwe

Maua uko wapi??? Shika simu!

Nimejifungia chooni kwa wakwe.

Unajua baba mkwe karudi juzi kutoka kwenye mizinga yake ya nyuki kule Ipole. Wiki nzima miguu imo ndani ya mabuti ya mpira, tena bila soksi. Ukipita barazani lazima ushike pua.

Sasa leo naingia jikoni kusaidia maandazi, namkuta mama mkwe kainamisha buti moja juu ya kopo. Anamimina unga mweupe kutoka NDANI YA BUTI. Anagonga kisigino kabisa, usibaki hata kidogo.

Nikamuuliza, "Mama, nini hicho?"

"Magadi soda, mwanangu. Nayalaza humo yanyonye harufu, asubuhi nayarudisha."

Asubuhi nayarudisha!!! Na kopo lenyewe ni lile lile la jikoni, Maua. Kachota kijiko, katia kwenye unga wa maandazi, mimi natazama.

Nikasema kwa adabu zote, "Mama, si yameshashika harufu?"

Kanitazama kama mimi ndiye mchafu. "Magadi hayachafuki. Yenyewe ndiyo yanayosafisha."

Na mimi jana nimekula manne! Nikamsifia! Nikamwambia yana ladha fulani sijawahi kuipata popote!!

Sasa wewe, yale sita ya jana niliyokutumia kwa boda asubuhi, tupa. Usiyaguse.

Maua?

Ngoja, nimeona stetasi yako. Kikombe cha chai na sahani tupu.