Mrija hauna kosa

Furaha mjukuu wangu, habari zako? Mimi Koko, bibi yako, niko Giheke, ng'ambo ya mpaka, kwa wakwe. Shangazi yako ndiye anaandika, maneno ni yangu.

Jana tulikuwa tunakunywa pombe ya ndizi kwa mrija mmoja, kama desturi ya huku, wakaingia batoto wanaosomea uuguzi, wanapima epatiti B, ugonjwa wa ini. Binti mmoja akatunyang'anya mrija: "Koko, mtaambukizana." Kisha akanitoboa kidole, na sindano ileile ikamchoma yeye. Akajifuta kwenye koti, basi.

Nikamuuliza muuguzi mkubwa wao, "Ugonjwa unapita wapi hasa?"

"Kwenye damu, Maman. Mrija hauna kosa."

"Basi damu yangu imemwingia huyu. Amechanjwa?"

Binti akakiri mwenyewe. Chanjo moja tu, kati ya tatu. Wakamnawisha kwa sabuni, wakampeleka hospitali.

Kipimo changu kimetoka kizuri. Lakini wewe unashika sindano za wagonjwa kila siku huko Bukavu, na sijawahi kukuuliza. Umemaliza zote tatu? Usinidanganye. Ijumaa nikivuka daraja la mpakani na shangazi yako, nipokee na karatasi ya chanjo mkononi. Shangazi akishaisoma, nitakukumbatia mpaka ukose pumzi.

Koko wako