Eti Nyumba Hupewa Mwanaume

Bagira, Bukavu, Jumapili jioni.

Mvua imenikuta njiani nikitoka Katana na mpaka sasa inapiga mabati. Nimevua viatu vyenye matope, nimeketi ukingoni mwa kitanda, chai imepoa mkononi. Asubuhi niliondoka nikiwa na furaha mpaka dereva akaniuliza kama naenda harusini.

Nimerudi peke yangu.

Niandike tu mambo yalivyokwenda, labda nitapumua.

Nafanya kazi ya labo katika kliniki moja ya mtu binafsi kule Ibanda. Napima damu, natafuta malaria kwenye mikroskopu mpaka macho yanawasha. Pembeni yangu anaketi Pascal. Tulisoma shule moja, tukatoka na diploma moja, tukaajiriwa pamoja. Akiugua, mimi nashika kazi yake. Nikiugua, yeye anashika yangu. Hakuna mgonjwa aliyewahi kulalamika kwamba damu yake ilipimwa na mwanamke.

Lakini kila mwisho wa mwezi Pascal alipewa mshahara pamoja na logement, yaani pesa ya kupangia nyumba. Mimi nilipewa mshahara tu.

Kwa muda mrefu sikujua. Niliona tu kwamba Pascal anakaa na mke na watoto kwenye nyumba ya matofali karibu na kazi, na mimi nakaa huku Bagira kwenye chumba ambacho ukifungua mlango unagonga kitanda. Nikafikiri mwenzangu anajua kupanga maisha kuliko mimi.

Kwa sababu ya chumba hicho, binti yangu Ansima alikwenda kukaa kwa mama yangu, kijijini Katana. Baba yake alikuwa amekwenda kutafuta kazi ya migodi upande wa Katanga. Mwanzo alipiga simu, kisha simu zikapungua, kisha nikasikia ana nyumba nyingine huko. Ansima alikuwa ndiyo kwanza ameota meno ya mbele. Nikamwambia mama, nishikie huyu kidogo, nitafute nafasi.

Meno yale yale sasa yameanza kung'oka.

Shajara, sijawahi kukuambia inavyokuwa. Sokoni Kadutu namnunulia sandali kwa kukisia, na kila mara zinambana. Mtoto wa jirani akiita "Mama!" uani, mimi nageuka. Siku moja nilimpima malaria mtoto wa watu, nikamtuliza, nikamwekea pamba kwenye kidole. Jioni mama akapiga simu: Ansima ameshinda hospitali ya Katana na homa, wamempima, sasa anaendelea vizuri. Kuna mtu mwingine aliyemshika kidole mtoto wangu.

Habari ya logement nilipewa na Pascal mwenyewe, bila kujua. Tulikuwa tunakula mchana, yeye analalamika kwamba mwenye nyumba amepandisha bei.

"Bahati logement iko inasaidia," akasema. "Weye ya kwako unaitumiaka mu nini, Maman Ansima?"

"Logement gani?"

Aliweka kijiko chini. Nadhani alitamani kuyameza maneno yake.

Nilikwenda kwa gestionnaire wetu, msimamizi wa kliniki, Papa Déo. Alinipa kiti, akaniuliza habari za mtoto. Kisha akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini mvua inanyesha.

"Maman, logement ni ya chef de ménage, mukubwa wa nyumba. Mwanaume njo analalishaka familia yake. Na weye uko na bwana."

"Bwana mwenyewe iko wapi, Papa?"

"Ile ni mambo yenu ya nyumbani. Kwetu hapa, weye uko muke ya mutu."

Kinachoniuma hadi leo ni kwamba nilimwamini. Nilitoka ofisini nikijiuliza kama kweli nilikuwa nadai kitu cha watu. Nilirudi kwenye mikroskopu yangu, nikaendelea kuhesabu chembe za damu.

Kisha Jumapili moja, baada ya misa, paroko alimleta mama mmoja mwanasheria azungumze na kina mama. Alisema sheria ya kazi ya nchi yetu haitenganishi mwanaume na mwanamke: kazi ikiwa sawa, malipo yawe sawa, na nyumba ni haki ya mfanyakazi na familia yake. Nilimfuata nje. Nilimwuliza, hata kama mume yupo kwa jina tu? Akanishika bega. "Mama, weye njo unafanya kazi, ao ni yeye?" Akanielekeza kwenye Inspection du travail, ofisi ya serikali inayosikiliza wafanyakazi.

Nilikwenda.

Inspekta, mzee mmoja mtaratibu, aliita kliniki, na akataka aje pia mtu anayefanya kazi sawa na yangu. Maana yake Pascal. Siku hizo Pascal hakusema nami. Papa Déo alikuwa amemwambia kwamba kama wanawake nao watapewa, huenda logement ya wote ikapunguzwa. Ana watoto wadogo. Sikumlaumu, lakini kukaa kimya bega kwa bega na mtu uliyezoea kucheka naye ni kazi nzito.

Siku yenyewe tuliketi wote wanne katika chumba chenye dirisha moja. Inspekta akamwuliza Pascal tofauti ya kazi yake na yangu ni nini. Pascal aliangalia viatu vyake.

"Mukubwa, nikiwa pale, tunafanya sawa. Nikikosa, yeye njo anafanya yangu na yake. Ingine siwezi kusema."

Inspekta akamgeukia Papa Déo. "Bon. Sasa tofauti iko wapi?"

"Ni desturi ya kliniki, Inspekta."

Inspekta akaliandika neno hilo, akaagiza na mimi nilipwe.

Logement nikaipata, kuanzia mwezi ule. Kuhusu miaka iliyopita, Papa Déo alisema kliniki haina uwezo, na inspekta akaniambia naweza kwenda tribunal, yaani mahakamani. Sijakwenda. Nilichokitaka kilikuwa chumba. Pascal hakupunguziwa kitu, ila tangu aseme yale kwa inspekta kila Jumapili anapangiwa kazi, na hajawahi kunilalamikia. Ijumaa alinikuta nafunga mlango wa labo akaniambia, "Uende umulete mutoto." Mambo ya kale tumeyaacha hapo.

Nimepanga nyumba ya vyumba viwili, hapa hapa Bagira. Nimenunua kitanda kidogo na chandarua. Na leo nikapanda gari kwenda kumchukua Ansima.

Mama alikuwa amekwisha kufunga begi la mtoto. Macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. Ansima alisimama nyuma yake, ameshika kitenge cha bibi yake. Mimi ananiita Mama wa Bukavu.

"Mama wa Bukavu, nyumba yako iko muzuri?"

"Iko muzuri. Na kitanda yako iko."

"Na ya koko?" akauliza, akimtazama bibi yake.

"Koko atabakia hapa, mwanangu."

Alifikiri. Pengo la meno lilionekana alipofungua mdomo.

"Basi nani atamuamushaka asubui?"

Mama yangu akageuza uso. "Enda, Ansima. Enda na mama yako." Lakini mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha mtoto, na haukutoka.

Ningeweza kumbeba. Ni wangu, nimemzaa, gari lilikuwa linapiga honi. Nilimtazama akijishikiza kwenye kile kitenge, nikajua nikimwondoa pale kwa nguvu atalia kama nilivyolia mimi siku ile nilipomwacha. Nikapiga magoti, nikamwambia atakuja kwa likizo kwanza, aone chumba, halafu tutaongea. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akakimbia nyuma ya nyumba, akarudi na maparachichi mawili kifuani. "Ya kukula mu njia."

Nimefika nayo. Bado hayajaiva.

Sheria imenipa nyumba, na ninaishukuru. Ile miaka ambayo ningekuwa naamka na mtoto wangu, hakuna ofisi niliyoiona inayoweza kuirudisha. Nimkasirikie nani sasa? Mama, kwa kumpenda vizuri?

Jumamosi ijayo narudi Katana. Sitakwenda kuchukua begi la Ansima. Nitabeba la kwangu, na nitalala kwao.